Maswali ya Dirishani

4 Machi

Dada yangu,

Salamu kwanza, maana nikianza na jambo utasema ng'ambo imenivua adabu. Mimi mzima, isipokuwa mgongo, na mgongo ni wa mwajiri. Baridi imelegea kidogo, sasa natoka na makoti mawili badala ya matatu. Chumba ni kile kile cha vitanda vinne. Mwenzangu wa kitanda cha juu bado anaongea usingizini, kwa lugha ambayo hata akiwa macho siielewi.

Kazini wamenihamishia kwenye rola la pasi. Mashuka ya hoteli na ya hospitali yanatoka kwenye mashine yakiwa na unyevu, mimi nashika pembe mbili, mwenzangu pembe mbili, tunayanyoosha na kulilisha rola. Kelele zake hazimruhusu mtu kuongea. Kuna siku narudi chumbani, navua viatu, ndipo nagundua kwamba tangu asubuhi sijatamka neno hata moja. Basi nakohoa tu, nijue sauti bado ipo.

Pesa za mwezi nimezituma Ijumaa, kwa jina la Mama kama siku zote. Wenzangu kwenye ile sehemu ya fomu ya swali la siri, ambalo mpokeaji hulijibu dirishani ndipo apewe pesa, huandika mambo ya maana: jina la babu, mwaka wa kuzaliwa. Waliiweka kwa ajili ya wezi, mimi naitumia kumsalimia Mama. Mara hii nimeuliza: "Nani alikula chaki za mwalimu akasingizia mvua?" Nina hakika alijibu "Mchwa!" kabla karani hajamaliza kusoma. Nieleze foleni ilicheka vipi, na usiruke kitu. Unajua nangoja hayo kuliko mshahara.

Mdogo wako,
Mchwa


30 Machi

Mchwa wa Mama,

Barua yako imefika ikiwa imelowa pembeni, sijui ni mvua ya kwenu au ya kwetu. Sisi wazima. Paa la jikoni limezibwa. Jirani mwenye mbuzi amehama na mbuzi wake, kwa hiyo kamba ya nguo sasa ni yangu peke yangu. Shule zimefunguliwa na kila mzazi amegundua siku moja kabla kwamba mtoto wake amerefuka. Nashona sare mpaka vidole vinakataa uzi.

Pesa tumepokea. Foleni ilicheka.

Nina ombi dogo. Maswali yako yapunguze utundu. Karani wa dirishani ni mgeni, hana mzaha. Andika tu jina la mtaa wetu, au jina langu, inatosha.

Mama anakusalimu.

Dada yako


25 Aprili

Dada,

Salamu za kwako na za nyumba nzima, pamoja na kamba ya nguo. Mimi sijambo. Nimepata jirani mpya wa meza kantini, mzee wa mashine za kukaushia. Tunakula tukitazamana, tunatabasamu, basi. Siku moja alinimegea mkate wake, nikamshukuru kwa Kiswahili bila kufikiri, naye akaitikia kwa lugha yake. Ndiyo maongezi marefu niliyokuwa nayo mwezi huu.

Sasa nikuulize. "Foleni ilicheka." Maneno mawili? Wewe uliyewahi kuniandikia ukurasa mzima jinsi Mama alivyomjibu karani mpaka mlinzi akaacha mlango? Na mbona siku hizi ni "Mama anakusalimu" tu? Zamani ulikuwa unaniandikia maneno yake mwenyewe. Funga shingo. Usiazimishe viatu. Usioe mtu anayekusikitikia. Kama amenikasirikia, sema, nijue pa kuanzia.

Ombi lako nimelisikia lakini samahani, sitaki kumuuliza mama yangu jina la mtaa. Hilo hata posta wanalijua. Mwezi huu nimeandika: "Suruali yangu ya kwanza ya shule ilikuwa nini kabla ya kuwa suruali?" Akishindwa hilo, basi pazia lenyewe lijibu!

Mchwa


9 Juni

Mdogo wangu,

Hatujambo. Nimechelewa kujibu, nina sare za shule nzima mezani.

La pazia lilijibiwa, kwa safari mbili. Kuanzia sasa tuma kwa jina langu. Miguu ya Mama inamsumbua na foleni ni ndefu. Nitasimama mimi, nitampa mkononi mwake kila kitu. Usiweke swali lolote.

Nakuomba usiniulize zaidi.

Dada


28 Juni

Dada,

Natumai hamjambo. Mimi sijambo, ya mdomoni tu.

Jumapili iliyopita nilikutana na fundi bomba wa mtaa wetu, yule mwenye kigugumizi. Amekuja huku kutafuta maisha kama sisi wengine. Nilimkumbatia kituoni mpaka watu wakatushangaa. Nikamuuliza habari za Mama kabla sijamuuliza za kwake. Akaniambia alimwona wiki aliyosafiri, alfajiri, sokoni, peke yake, anatembea kwa kasi mpaka yeye fundi na vyuma vyake alishindwa kumfikia.

Ni miguu gani hiyo inayoumwa kwenye foleni ya pesa tu?

Asiyekuwepo na lake halipo, najua. Lakini mimi silali kwenye chumba cha vitanda vinne, sipigi pasi mashuka ya watu ambao sitawaona, ili Mama apokee pesa zake kwa kuomba kwa mtu mwingine, hata mtu huyo awe wewe. Ile siku ya dirishani ni yake. Wewe mwenyewe uliniambia anavaa nguo za kutokea.

Rola letu linafunguliwa kutengenezwa, tutakaa bila kazi kwa muda. Kwa hiyo nimetuma za miezi miwili pamoja. Kwa jina la Mama. Na swali nimeweka: "Uliniambia nini mlangoni siku naondoka, Dada alipokuwa nje anamwita dereva wa teksi?"

Hilo hakuna mwingine awezaye kulijibu.

Mchwa


17 Agosti

Mdogo wangu,

Salamu utazikuta mwishoni, zikibaki.

Nimekaa muda huu wote bila kuandika kwa sababu kila nikishika kalamu yalitoka matusi. Leo nitakueleza tu yalivyokuwa.

Tulikwenda dirishani asubuhi. Mama alivaa kilemba chake kipya, maana siku ile anaipenda, huanza kuiulizia wiki nzima kabla. Karani akasoma swali lako. Mama akamtazama. Karani akarudia kwa sauti kubwa, akidhani hasikii. Mama akanigeukia, akaniuliza taratibu, "Huyu anataka nini kwangu?" Nikamwambia anauliza ulimwambia nini mwanao mlangoni siku alipoondoka. Akafikiri. Mchwa, alifikiri kweli, nilimwona anatafuta. Halafu akasema, "Nilimwambia afunge mlango."

Watu wakacheka. Walidhani anatania kama zamani. Naye akacheka nao.

Wanatoa nafasi tatu, zikiisha pesa zinarudi zilikotoka, nasi tulizimaliza. Nilimwomba karani, akaniambia yeye anaamini, lakini mashine haiamini. Tukarudi mikono mitupu. Njiani Mama aliniuliza, "Mwanangu hakutuma?" Nikasema ametuma, zimechelewa. Dawa zake nilizinunua kwa kuuza cherehani ndogo.

Swali la chaki nilimnong'oneza. La pazia nililinong'ona pia, karani akanifukuza. Kesho yake tukarudi, nikamfundisha njia nzima, pazia, pazia, pazia, kama mtoto anayetumwa dukani. Na fundi bomba hakukudanganya. Mama huamka alfajiri, anakwenda sokoni pale ilipokuwa meza yake ya vitambaa, anasimama kungoja wateja. Sasa pale anauza mtu wa ndoo. Mimi humfuata na kumrudisha. Yule Mama aliyekuwa akimtazama mtoto mara moja tu anajua suruali yake itakula kitambaa kiasi gani, mwezi uliopita aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Utauliza mbona sikusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, najua, mimi nimeumbuliwa na dirisha la pesa. Niliogopa ungeacha kazi na kuja. Niliogopa pia kitu kingine. Huko uliko, Mama yako alikuwa bado mzima. Anatania, anakumbuka, anakwambia funga shingo. Nilitaka abaki mzima mahali fulani, hata kama ni kwenye kichwa chako tu. Mimi huku nilikuwa naye peke yangu, na jioni tukikaa wawili nilikuwa mpweke kuliko siku ambayo hayupo.

Halafu ukaniona mwizi.

Na mimi nina swali langu. Alikwambia nini pale mlangoni? Nataka kujua. Mimi sijawahi kuagwa, kwa sababu sijawahi kwenda popote.

Dada

Salamu zimebaki. Mama mzima wa mwili.


5 Septemba

Dada yangu,

Sijui nikusalimu vipi. Barua yako niliisoma kwenye ngazi za kiwanda kabla ya zamu. Nikaingia kazini nikasimama, mwenzangu akavuta pembe zake, mimi sikuvuta. Shuka likajikunja kwenye rola, likaungua, likanuka jengo zima. Msimamizi alinifokea mpaka akachoka. Sikusikia hata moja.

Nisamehe. Sina neno la kupamba hapo.

Zile pesa zilirudi. Nimezituma tena, kwa jina lako, bila swali. Kanunue cherehani yako kabla aliyeinunua hajaizoea.

Pale mlangoni alinishika kola akaniambia, "Usigeuke nyuma. Nikilia mbele ya dereva atatuongezea nauli." Ni hayo tu. Nilicheka mpaka kwenye teksi, na sikugeuka. Ningejua ningegeuka, atuongezee atakavyo.

Nakuja. Msimamizi amesema nafasi yangu ataishikilia mwezi mmoja, ukipita atampa mtu mwingine. Kwa siri yetu, sina haja nayo. Nakuja kukaa. Nitapiga pasi hapo, nitabeba mizigo, nitauza ndoo na yule jamaa. Umesimama peke yako vya kutosha.

Usimwambie Mama. Nataka nimwone anavyonitambua.

Mchwa


20 Novemba

Mdogo wangu,

Natumai ulifika salama na kitanda chako hakijapewa mtu. Sisi tupo. Nyumba imekuwa kubwa ghafla. Mlango ulioutengeneza haulii tena, nami nilizoea kujua kwa mlio wake kwamba Mama anatoka. Sasa nalala jicho moja.

Sitazunguka. Siku ya tatu tangu ufike uliniambia unabaki. Ulikwenda mwenyewe kuomba kazi hospitali, wakakuonyesha chumba cha kufulia, ukarudi unacheka kwamba rola lao ni mtoto wa rola lenu. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikakwambia nimechoka, jambo ambalo sijawahi kulitamka kwa mtu. Mama alikuwa anakuita "kijana," anakupa kiti, anakuuliza kila asubuhi kwenu ni wapi, nawe ulikuwa unajibu "si mbali." Nilidhani umelizoea. Nilidhani tungezoea wote.

Kisha ile Ijumaa ya mwisho wa mwezi nilikuwa na wateja, wewe ukampeleka dirishani. Mlirudi. Hukula. Asubuhi nikakukuta unafunga sanduku, umeketi kitandani na viatu miguuni. Nikauliza kuna nini, ukasema nafasi yako kazini itapotea. Nafasi! Wewe uliyeniandikia kwamba huna haja nayo!

Umeniachia pesa na kisogo. Nilikuwa na haki ya kuambiwa. Karani nikimuuliza anainamisha macho kwenye makaratasi yake.

Kulitokea nini dirishani? Kazi ya pasi ipo hata hapa. Na mimi nipo hapa.

Mama ameulizia kama yule kijana mpole amekwenda kwao. Nimemwambia ndiyo. Akasema, "Afadhali."

Dada


12 Desemba

Dada yangu,

Salamu nyingi. Nilifika. Kitanda kilikuwa kimepewa mtu, sasa nina cha juu, na ninaambiwa ni mimi ninayeongea usingizini. Yule mzee wa kantini alinyanyuka aliponiona. Theluji imeanza. Shingo nimefunga.

Nilishindwa kukwambia nikiwa mbele yako. Kalamu haina macho, nitajaribu.

Mwezi ule sikuwa nimetuma kitu, mtumaji alikuwa amelala chumba cha pili. Kwa hiyo nilitangulia kwa karani, nikampa pesa kutoka mfukoni mwangu, nikamwomba amkabidhi Mama kama mnavyofanya siku zote, wewe unatia sahihi, yeye anampa mkononi. Akakubali. Tulipofika akamwita: "Mama, zimekuja. Kutoka kwa mwanao."

Dada, ungeuona uso wake. Lakini wewe unauona kila mwezi. Mimi ndiyo mara yangu ya kwanza. Aling'aa, akageukia foleni nzima, akasema, "Mwanangu huyo. Yuko mbali, lakini hajaruka hata mwezi mmoja." Nimesimama hapo, bega langu linagusa lake.

Nikashindwa. Mwezi mzima nilikuwa nimejikaza, lakini pale nikashindwa. Nikamwambia, "Mama, ni mimi. Mwanao ni mimi, nimerudi."

Akanitazama. Alinitazama vizuri, paji la uso, masikio, mpaka mikono. Nikadhani inakuja. Halafu akaniogopa. Akarudi nyuma, akazikumbatia zile pesa kifuani, akamwita karani, "Huyu anasema yeye ni mwanangu! Mwanangu yuko ng'ambo, ndiye aliyeleta hizi! Anazitaka!" Watu wakageuka. Mlinzi akaja akanishika mkono. Karani akasema, "Anatania, mama, ni mtani huyu," na mimi nikasema ndiyo, natania, nisamehe mama. Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Sijui mdomo uliwezaje.

Alikataa kutembea nami mpaka tulipofika kwenye ile kona ya duka la vioo. Hapo akaona ninalia. Hofu ikamtoka, unamjua, hawezi kuona mtu analia akapita. Akafungua pindo la kanga, akachomoa noti moja, akanitia kwenye mfuko wa shati. Akaniuliza, "Wewe una mama?"

Nikasema ninaye.

"Yuko wapi?"

Nikasema si mbali.

"Basi mpelekee hii. Hata kama ni kidogo. Usimdai akujue sura, mtu mzima akikaa muda mrefu anasahau sura. Mtumie tu. Akae anajua ana mtoto."

Hayo ndiyo yaliyotokea. Yule mwana anayemkumbuka bado yupo, Dada, na yuko huku. Nikibaki hapo nyumbani yeye ndiye atakayekufa, na Mama atabaki na kijana anayemtisha dirishani. Nimepima usiku na mchana, sijaona njia ya kuwa wote wawili.

Najua nimekuacha tena. Umeniambia umechoka nami nikaenda. Hilo sitalifanyia utani. Nimeongeza kidogo juu ya zile za kawaida, mtafute yule binti wa nyumba ya pili akae na Mama asubuhi, wewe ulale. Na uniandikie. Usiniandikie habari za Mama tu. Niandikie wewe umeamkaje, nani kakuudhi, unashona nini. Miaka yote hii sijawahi kukuuliza swali hata moja juu yako mwenyewe.

Ile noti nimeibadilisha, nimeichanganya na hizi. Zimetoka leo asubuhi. Mwambie ni kutoka kwa mwanawe.

Mdogo wako